Mafunzo Kazini ya Walimu wa Sayansi Tarime na Serengeti

Mafunzo kazini ya walimu wa sayansi na teknolojia katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, yalianzia vyuoni, yakasogea kwenye vituo vya walimu, na leo yanafanyika shuleni. Pamoja na mabadiliko ya mitaala, sababu kubwa ya hatua hizo ilikuwa moja: wanafunzi waliongezeka kwa kasi kuliko walimu walioandaliwa kuwafundisha.

Baada ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, mitaala ya shule za msingi iliandikwa upya. Walimu waliokwisha kuhitimu walihitaji kuelekezwa, na mpango wa Tanzania, UNICEF na UNESCO, uliojulikana kama MTUU, uliandaa wakufunzi wa kuzunguka shuleni wakitokea vyuo vya ualimu.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliamuliwa mkoani Mara kwenyewe. Novemba 1974, Azimio la Musoma liliagiza kila mtoto wa umri wa kwenda shule aandikishwe ifikapo 1977. Vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walipewa madarasa huku wakisomea ualimu kwa njia ya posta, kwa redio na kwa kukaa chuoni kwa muda mfupi. Nchi nzima ilipata zaidi ya walimu 35,000 kwa utaratibu huo. Walimu hawa, walioitwa walimu wa UPE (elimu ya msingi kwa wote), waliokoa shule zilizokuwa hazina mtu wa kushika chaki, lakini wengi walifundisha sayansi waliyoishia kuisoma wao wenyewe darasa la saba. Semina za mara kwa mara zikawa lazima.

Katika miaka ya 1990 vituo vya walimu vilienea wilayani. Kila kituo kilihudumia shule kadhaa za jirani: walimu walikutana, wakatayarisha zana, wakajadili mada ngumu. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, Kenya ilianza mwaka 1998 mradi wa SMASSE kwa msaada wa Japani, uliowahimiza walimu wa sayansi na hisabati kumpa mwanafunzi vitendo badala ya maelezo matupu. Fikra zake zilisambaa katika nchi nyingine za Afrika kupitia mtandao wa ushirikiano.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza 2004, ulijaza nchi shule za kata. Wahitimu wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya wiki chache, maarufu kama walimu wa "voda fasta", waliingia madarasani, na shule nyingi hazikuwa na maabara. Hapo warsha ilipata kazi yake mahususi, kumfundisha mwalimu kufaragua. Kipande cha kiazi katika maji ya chumvi huonyesha osmosisi, na maji ya maua mekundu hutofautisha asidi na besi. Katika warsha ya namna hiyo mwalimu huandaa somo, hulifundisha mbele ya wenzake, hukosolewa, kisha hulirudia.

Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza, ulianza mwaka 2014 katika mikoa mingine, na baadaye ukaifikia Mara. Ulilenga kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa ya awali na ya chini, lakini ulijenga desturi ya walimu kujifunza pamoja shuleni mwao. Mabadiliko ya mtaala yaliyofuata yaliunganisha sayansi na teknolojia kuwa somo moja la shule ya msingi, na mwalimu akalazimika kufundisha pia mambo ya kompyuta. Mfumo wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, ulikuja kuyapa mafunzo haya utaratibu wa kitaifa: jumuiya za ujifunzaji shuleni, vituo vya walimu, na masomo ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, na mtaala ulioanza kutumika 2024 umeongeza haja ya mafunzo.

Historia hii inatoa hukumu iliyo wazi. Mafunzo yaliyotegemea mfadhili peke yake yalififia fedha zilipokwisha. Yanayofanywa na walimu wenyewe, karibu na darasa lao, yana nafasi kubwa ya kudumu. Halmashauri za Tarime na Serengeti zinapaswa kuyatengea fungu kila mwaka na kuwapa walimu muda katika ratiba, kwa kuwa mwanafunzi hawezi kufanya jaribio ambalo mwalimu wake hajawahi kulifanya.