Chumba cha Nyaya: Historia ya Kuhamisha Simu za Ofisi Marekani

Majengo mengi ya ofisi yaliyojengwa Marekani katika karne ya 20 yalitengewa chumba kidogo kisicho na dirisha, ambacho ukutani mwake palipigiliwa ubao mpana wa plaiwudi. Juu ya ubao huo laini za kampuni ya simu, zilizotoka barabarani, zilikutana na nyaya zilizokwenda kwenye meza za wafanyakazi. Ofisi ilipohama, simu zenyewe ziliweza kutiwa katika makasha na kupakiwa garini. Kazi nzito ilikuwa kuujenga ukuta huo upya mahali pengine bila kupoteza hata laini moja. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu ya kanuni moja: waya uliokusudiwa kukaa daima utengwe na waya unaobadilishwa, na kila mmoja ujulikane unakotoka na unakokwenda.

Kanuni hiyo ilianzia kwenye vituo vya simu. Kituo cha kwanza cha kibiashara kilifunguliwa New Haven, Connecticut, Januari 1878, kikiwa na wateja 21. Idadi ya wateja ilipokua, haikufaa tena waya wa kila mteja kufungwa moja kwa moja kwenye swichibodi, kwa kuwa mteja mmoja akihama, kazi iliyokwisha kufanywa ilifumuliwa. Mafundi wakajenga fremu yenye pande mbili. Kebo za mtaani zilifungwa upande mmoja na zile za swichibodi upande wa pili, zote zikaachwa humo bila kuguswa. Katikati ulipita waya mwembamba wa kuunganishia, na huo peke yake ndio uliobadilishwa. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alipewa hataza ya kusokota nyaya mbili pamoja ili kelele za umeme zinazoingia katika waya mmoja zifutwe na zile za mwenzake. Tangu hapo hesabu ya fundi simu ni hesabu ya jozi.

Mfumo wa Bell, kundi la kampuni lililotawala huduma ya simu Marekani, ulipeleka kanuni hiyo ofisini kupitia simu za vitufe vya laini. Toleo la 1A lilitoka mwaka 1938, na lile lililoenea kuliko yote, 1A2, katika miaka ya 1960. Kila simu ilikuwa na safu ya vitufe. Mfanyakazi alibonyeza kitufe cha laini aliyoitaka, na kitufe kimoja kilikuwa cha kumsubirisha mpigaji. Taa iliyokuwa chini ya kitufe ilimweleza hali ya laini: ilimetameta mara 60 kwa dakika simu ilipoita, mara 120 mpigaji aliposubirishwa, na ikawaka mfululizo laini ilipokuwa ikitumika. Huduma hiyo ilikula nyaya. Laini moja ilihitaji jozi tatu: ya sauti, ya kuongoza mtambo wa simu uliokuwa chumbani, na ya taa. Simu ya laini tano ilitumia jozi 15 kabla ya kengele na simu ya ndani kuongezwa, hivyo kila meza ikapewa kebo nene yenye jozi 25. Ofisi ya meza 20 tu iliingiza chumbani jozi 500, yaani nyaya 1,000.

Katika wingi huo rangi ndizo zilizoleta mpangilio. Plastiki iliposhika nafasi ya karatasi na nyuzi katika kufunika nyaya, rangi kumi zilitosha kuzipambanua jozi zote 25. Tano ni za makundi: nyeupe, nyekundu, nyeusi, manjano na zambarau. Tano nyingine ni za nafasi ndani ya kundi: buluu, chungwa, kijani, kahawia na kijivu. Jozi ya kwanza ni nyeupe na buluu, ya sita ni nyekundu na buluu, ya 17 ni manjano na chungwa, na ya 25 ni zambarau na kijivu. Kebo kubwa zaidi zilifungwa mafungu ya jozi 25, kila fungu likizungushiwa utepe wenye rangi zake. Fundi aliyeukariri mpangilio huu aliingia katika jengo asilolijua na kuuona waya anaoutafuta kwa macho tu.

Mwaka 1962 kampuni ya Western Electric ilibuni ubao wa vibanio wa aina ya 66, uliokuja kuwa kiungo kikuu cha chumba hicho. Aina yake inayojulikana zaidi ina safu 50 za vibanio vya chuma, safu moja kwa kila waya wa kebo ya jozi 25. Fundi hakuhitaji kumenya waya wala kukaza skrubu. Aliusukuma katikati ya kibanio kwa kifaa chenye springi. Kibanio kikapasua plastiki na kuishika shaba, na ncha iliyozidi ikakatwa papo hapo. Ubao wenyewe uligawanywa pande mbili zilizoungwa kwa vipande vidogo vya chuma. Kipande kikichomolewa, laini ya nje ilitengana na ya ndani, na fundi aliweza kujua hitilafu iko upande gani.

Kwa miongo mingi ofisi zilipanga simu zao kwa kodi ya kila mwezi, na mwenye ofisi hakuruhusiwa kugusa waya hata mmoja. Fundi wa kampuni ya simu ndiye aliyekuja kung'oa na kufunga upya, kwa vifaa vilevile na kwa taratibu zilezile nchi nzima. Mwaka 1968 Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho, FCC, iliamua shauri la Carterfone, kifaa cha Thomas Carter wa Texas kilichounganisha redio ya mawasiliano na simu. Uamuzi huo uliruhusu vifaa vya watu wengine kuunganishwa na mtandao wa Bell. Mfumo wa Bell ulivunjwa tarehe 1 Januari 1984, na mwaka 1987 ufungaji na matengenezo ya nyaya za ndani viliondolewa katika huduma zinazopangiwa bei na serikali. Ukuta wa plaiwudi ukabaki mikononi mwa mwenye ofisi. Alipata uhuru wa kuchagua fundi na mtambo, lakini pia alirithi nyaya zilizofungwa na watu walioondoka na daftari zao.

Ndiyo maana uhamishaji wa mtambo wa zamani ulianza kwa kuusoma ukuta wa zamani. Fundi alifunga kwenye jozi kifaa kidogo cha kutoa mlio, kisha akaifuata kwa kipimo kinachonasa mlio huo hata ndani ya rundo la nyaya. Alitumia simu yake ya majaribio yenye vibanio kusikiliza kila laini na kuithibitisha namba yake. Aliyoyapata aliyaandika katika orodha: namba ya laini, nafasi yake mtamboni, jozi yake kwenye ubao, na meza yake. Kampuni ya simu ilihitaji taarifa mapema ili ifikishe laini kwenye jengo jipya, kwa sababu wajibu wake ulikomea mahali pa makabidhiano. Baada ya hapo kila kitu kilikuwa cha mwenye ofisi.

Katika chumba kipya ubao wa plaiwudi ulitangulia, ukafuatwa na waya mnene wa kwenda ardhini wa kuulinda mtambo dhidi ya radi. Kisha kebo zilivutwa, kila meza na yake, moja kwa moja hadi chumbani. Laini za nje, mtambo na meza zilipewa mbao zao za vibanio, na nyaya za kuunganishia ziliachwa hadi mwisho. Kwa mpangilio huo sehemu kubwa ya kazi ilikamilika wakati ofisi ya zamani bado inapokea simu. Mtambo ulizimwa mwishoni kabisa, mara nyingi Ijumaa jioni, na hapo palikuwa na hatari yake: mitambo ya kielektroniki ilihifadhi mipangilio katika kumbukumbu inayotegemea betri ndogo, na betri iliyokwisha kufa ilipoteza mipangilio yote umeme ulipokatwa. Fundi makini aliinakili kwanza.

Mitambo hiyo ya kielektroniki ilipunguza nyaya pia. Merlin ya AT&T, iliyotoka mwaka 1983, ilitumia jozi nne kwa kila simu; Norstar ya Northern Telecom ilitosheka na moja. Viwango vya taifa navyo vikairudisha nidhamu iliyokuwa imetawanyika. Kile cha EIA/TIA-568 cha mwaka 1991 kiliweka mita 90 kuwa mwisho wa urefu wa kebo kutoka chumbani hadi sehemu ya kazi. Kile cha 606 cha mwaka 1993 kilihusu lebo na kumbukumbu, kikaipa kila sehemu ya ukuta rangi yake: chungwa kwa makabidhiano ya kampuni ya simu, zambarau kwa mtambo, buluu kwa kebo za meza.

Leo simu za ofisi nyingi hupita katika mtandao wa kompyuta, na waya wa kuunganishia umegeuka kuwa kebo fupi yenye plagi kila upande. Chumba kimebaki, na kanuni yake imebaki. Kebo ya mtandao ya kawaida, iwe Chicago au Nairobi, ina jozi nne: buluu, chungwa, kijani na kahawia, kila moja ikiwa na mwenzake mweupe. Hizo ndizo jozi nne za kwanza za ile kebo ya jozi 25, na mpangilio wake haujabadilika.