Picha ya Mfalme na Muhuri wa Posta



Tulipokutana mara ya mwisho hapa Johannesburg, kijana wetu mmoja alipendekeza picha ya Sayyid Khalifa bin Harub iwekwe kwenye jalada la kijitabu cha mwakani. Baadhi walifurahi, baadhi waliinuka wakatoka. Kamati ikaniagiza mimi, mtumishi wa serikali mstaafu, niieleze picha hiyo kwanza.

Picha za namna hiyo hazikupigwa kwa ajili ya kumbukumbu tu. Sayyid Barghash alipozuru London mwaka 1875 alipigwa picha ameketi, washauri wake wamemzunguka. Aliyeitazama alipaswa kumwona mwenye nchi, si mwombaji. Huko Unguja kazi hiyo waliifanya akina A. C. Gomes, Mgoa, na baadaye Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930.

Baada ya Zanzibar kuwekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890, picha zilianza kusema maneno mawili kwa pamoja. Mtazameni Sayyid Khalifa, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960: joho na jambia la Kioman, na kifuani nishani za Uingereza. Jambia lasema huyu ni mtawala. Nishani zasema ni nani aliye juu yake. (Sisi tuliokaa maofisini twajua vyema uzito wa nishani itokayo kwa mkubwa.)

Lakini picha iliyofika mbali kuliko zote ni ile ya stempu. Tangu 1896 uso wa Sultani ulisafiri juu ya bahasha hadi kwa watu wasiopata kuliona kasri.

Marehemu baba alikuwa karani wa posta Unguja. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalipouondoa usultani, stempu mpya hazikuwa tayari. Zile za zamani, zenye sura ya Sayyid Abdulla aliyefariki 1963, zikagongwa kwa mkono muhuri wa JAMHURI. Baba alikuwa miongoni mwa waliogonga. Alitusimulia kwamba mkono ulimuuma, na kwamba karani wa meza ya pili, ambaye kaka yake alikuwa hajaonekana tangu Jumapili ile, aligonga kutwa nzima bila kuinua macho.

Stempu moja kati ya hizo ninayo. Naomba jaladani iwekwe hiyo, uso na muhuri pamoja.