Kulungu Aliyemezwa na Majani

Tukiisifu filamu ya katuni, kwa kawaida tunasifu mwendo: namna mnyama anavyoruka, anavyoteleza, anavyokunja uso. Lakini mwendo usioonekana vizuri ni kazi bure, na kinacholiongoza jicho ni mwanga na mandhari. Studio ya Walt Disney ilijifunza hilo kwa taabu ilipoanza kutengeneza Bambi, filamu ya mtoto wa kulungu. Mandhari ya mwanzo yalifuata mtindo wa Snow White ya mwaka 1937, filamu ndefu ya kwanza ya studio hiyo, yaani msitu uliosheheni majani. Kulungu wa rangi ya udongo akiwekwa mbele ya msitu kama huo, humezwa. Kadiri msitu ulivyopendeza, ndivyo mhusika alivyopotea.

Suluhisho lilitoka kwa mfanyakazi wa ngazi ya chini. Tyrus Wong, mzaliwa wa Guangdong, China, aliajiriwa mwaka 1938 kuchora picha za kujazia mwendo wa wahusika. Aliposikia habari za Bambi, alichora kwa hiari yake vijipicha vya msitu, akifuata wachoraji wa Kichina wa enzi ya Song. Ndani yake, pembeni pamefunikwa na giza na ukungu, katikati pana uwazi wenye nuru. Mti ni mpapaso tu wa rangi. Kulungu ni mdogo kama ncha ya kidole, lakini ndiye anayeonekana kwanza. Walt Disney alivipenda, na filamu nzima ikafuata mkondo huo.

Yupo atakayesema kwamba roho ya filamu ni hadithi, mengine ni mapambo. Basi na atazame kifo cha mama yake Bambi. Bunduki inalia, lakini maiti haionyeshwi. Theluji inamwagika, miti inafifia, mtoto anaita, kisha baba anatokea kama umbo la giza. Msiba huo hausemwi kwa maneno mengi. Theluji ndiyo inayousimulia.

Hoja nzito zaidi ni ya leo: tangu filamu ya Toy Story ya mwaka 1995, kompyuta hukokotoa mwanga yenyewe. Ni kweli, lakini kukokotoa si kuchagua. Mjerumani Lotte Reiniger, katika filamu yake ya mwaka 1926 iliyotokana na Alfu Lela Ulela, alitegemea hasa karatasi nyeusi zilizokatwa kwa mkasi na kioo kilichomulikwa kutoka chini. Wahusika wake ni vivuli vitupu, na bado hasira na mapenzi yao yanasomeka. Chombo kinabadilika, lakini lazima mtu aamue nuru iangukie wapi.

Uamuzi wa Wong haukuthaminiwa ipasavyo. Wong aliachishwa kazi mwaka 1941, baada ya mgomo wa wafanyakazi, na Bambi ilipotoka mwaka 1942 alitajwa kama mmoja tu wa wachoraji wa mandhari. Studio ilimpa heshima rasmi mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 90. Dhana kwamba mandhari ni pambo ilikuwa imekaa hata kwa waliofaidika na mandhari hayo.