Maneno Makubwa ya Msovero

Watu wa hapa Lupepo wakibishana juu ya mkataba wo wote, hakosi mmoja wa kusema, "Huyo ni Mangungo," wengine wakacheka, na shauri likaishia hapo. Jina limekuwa tusi. Yafaa tuitazame karatasi yenyewe.

Tarehe 29 Novemba 1884 Karl Peters alikuwa Msovero, katika Usagara, kwa niaba ya chama cha Wadachi waliotaka makoloni. Karatasi yake ilijaa maneno mazito ya wanasheria: ati Mangungo ametoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, itumiwe na Wadachi peke yao. Yasema tena kwamba mkalimani Ramazani aliyaeleza yote wazi, na kwamba Mangungo alipoulizwa alijibu kuwa yeye si mtu wa Sultani wa Unguja, wala hajui kama yupo. Hapo twashangaa. Misafara ya pwani ilikwisha kupita Usagara miaka mingi, ikienda Unyanyembe na Ujiji. Mkubwa wa nchi ile angekosaje kusikia habari za Sultani? Ushahidi umezidi kipimo, hata umejitia shaka wenyewe. Na anayetuhakikishia kuwa mambo yalielezwa wazi ni yule yule aliyefaidiwa na karatasi!

Kosa kubwa zaidi la hoja lilifanywa Ulaya. Kwa alama za wakubwa wachache Peters alidai Useguha, Nguru, Usagara na Ukami, na tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm wa Kwanza akatoa hati ya ulinzi. Ni kama mtu anunue mgomba mmoja hapa Lupepo, kisha adai migomba yote ya Rungwe. Sultani Barghash alipinga. Lakini mwezi wa Agosti manowari za Wadachi zilisimama mbele ya Unguja, na mabishano yakakoma bila hoja yake kujibiwa.

Na sisi wa Rungwe je? Katika safari ile Peters hakufika huku. Nchi yetu iliwekwa upande wa Wadachi kwa mapatano yao na Waingereza, yale ya tarehe 1 Julai 1890 yakiwamo, na Tukuyu ikaja kuitwa Neu-Langenburg. Basi wasemao kwamba Mangungo aliiuza Tanganyika nzima wafuata hesabu ile ile ya Peters: wampa mkubwa wa Msovero nchi asizokuwa nazo, ili apate kuziuza.