Mimba Ina Miezi Mingapi? Tujifunze kwa Mama wa Mbulu na Hanang

Sisi tunaoshona madera ya wajawazito, swali letu la kwanza kwa mteja ni lile lile: mimba ina miezi mingapi? Mteja wetu mmoja, mzaliwa wa Mbulu aliyeolewa huku Unguja, alicheka akatuambia bibi yake hakuhesabu miezi, alihesabu mvua na kazi za shamba: "Nimeshika mimba tukipalilia mahindi, nitajifungua mvua za kwanza zikirudi." Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike leo.

Mbulu na Hanang ni wilaya za nyanda za juu, leo ziko Manyara. Kabla ya mwaka 2002 zilikuwa mkoa wa Arusha. Wairaqw wanalima na kufuga, Wadatoga ni wafugaji. Hesabu ya mvua iliwafaa kwa kujua mwezi, lakini haikuonesha wiki. Na wiki ndiyo inayotakiwa na mama anayekaa mbali na hospitali, maana akichelewa kuondoka, uchungu unamkuta njiani. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway walifungua hospitali ya Haydom mwaka 1955, na baadaye kliniki za wajawazito zikawa zinawafuata kina mama vijijini, kwa gari na hata kwa ndege ndogo.

Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walitaka kujua ni wanawake wangapi wa wilaya hizo wanakufa kwa uzazi. Daftari hazikutosha, kwa kuwa wengi walifia nyumbani. Basi wakawauliza watu majumbani, na kina mama kliniki: una dada wangapi waliofikia utu uzima? Wangapi wamefariki? Je, alikuwa mjamzito, anajifungua, au hajamaliza wiki sita tangu ajifungue? Majibu yalionesha vifo zaidi ya 300 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Yale ambayo daftari hazikuandika, dada waliyakumbuka.

Shoga zetu, hata tarehe ya kujifungua huanzia kwenye kumbukumbu ya mwanamke. Mkunga anauliza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kanuni inayotumika ina jina la daktari wa Ujerumani, Franz Naegele, wa karne ya 19: rudi nyuma miezi mitatu, ongeza siku saba. Hedhi ikianza 10 Januari, tegemea 17 Oktoba. Ni siku 280, yaani wiki 40. Anayehesabu kwa miezi ya Kiislamu aangalie: siku 280 ni miezi tisa na nusu hivi, si tisa kamili.

Wiki 12 za mwanzo ndizo za kichefuchefu, na viungo vya mtoto vinaumbika. Kipindi cha pili kinafika wiki ya 27. Mimba ya kwanza, mtoto huanza kusikika akicheza kati ya wiki ya 18 na 20, na aliyekwisha zaa humsikia mapema zaidi. Kuanzia wiki ya 28 mtoto anaongezeka uzito, mama anachoka.

Na mkunga naye ana futi kamba kama sisi! Anapima kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi. Wiki ya 20 mfuko unafika karibu na kitovu, na kuanzia hapo sentimita zinakaribiana na wiki: sentimita 30, wiki 30 hivi. Aliyesahau tarehe anasaidiwa na kipimo cha ultrasaundi, na kikifanywa mapema ndiyo kinakuwa sahihi zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri kifanyike kabla ya wiki ya 24.

Lakini watoto wachache sana huzaliwa tarehe ile ile iliyotajwa. Kati ya wiki ya 37 na 42 ni kawaida, kwa hiyo nauli, nguo na mtu wa kukusindikiza viwe tayari kabla ya wiki ya 37. Ukivuka tarehe, usikae nyumbani ukisubiri, rudi kliniki.

Leo hii chukua kalenda, weka alama siku hedhi inapoanza, na mfundishe binti yako. Bibi wa Mbulu alihesabu kwa alichokuwa nacho. Sisi tuna kalamu na simu, hatuna udhuru.

Allah awajaalie wajawazito wetu wajifungue salama. Amin.