Steve Nash: mtoto wa wahamiaji aliyekuwa fundi wa pasi

Steve Nash alizaliwa Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka 1974. Wazazi wake walikataa kulea watoto chini ya ubaguzi wa rangi, wakahamia Kanada yeye angali mchanga. Alipokua, chuo kikuu kimoja tu cha Marekani, Santa Clara, ndicho kilichompa ufadhili wa kusoma na kucheza mpira wa kikapu. Mwaka 1996 aliingia NBA. 2005 na 2006 akachaguliwa mchezaji bora. Alistaafu 2015 akiwa na pasi 10,335 za kuzaa vikapu, bila ubingwa hata mmoja.

Familia yake haikukimbizwa na risasi kama nyinyi mlio kambini. Lakini mlango mmoja uliofunguliwa ulimtosha. Watoto wetu nao wanaungoja wa kwao.