Kamera ya Mwanagenzi

Sisi tuliozaliwa Mji Mkongwe mnamo 1950 au karibu yake hatukuwa tukipiga picha, tulikuwa tukipigwa. Ukitaka picha ulioga, ukavaa nguo iliyopigwa pasi, ukaenda studio, ukakalishwa kitini mbele ya pazia lililochorwa nguzo na maua, kisha ukaambiwa usipepese macho. Kamera ilikuwa chombo cha fundi, kama msumeno ulivyo wa seremala. Hakuna aliyefikiri kumpa mtoto msumeno kwa zawadi.

Nimelifikiri sana jambo hili tangu wanangu waliponikabidhi kazi ya kumchagulia mjukuu wangu kamera, alipoanza masomo ya ualimu. Tulichanga shilingi laki tatu. Kwa fedha hiyo huwezi hata kuuliza bei ya kamera za wapiga picha wa harusi. Nami, kwa kuwa nilisomesha historia zaidi ya miaka 30, siwezi kununua hata jiko bila ya kujua lilitoka wapi.

Kamera zilifika Unguja mapema kuliko wengi wanavyodhani. Nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyetembelea pwani yetu kati ya 1846 na 1848, alikuja na mtambo wa picha wa Daguerre, nao ulikuwa haujatimiza miaka 10 tangu kutangazwa Paris mwaka 1839. Mwaka 1860 James Grant, kabla ya kuingia bara pamoja na Speke, alipiga picha hapa mjini, moja ikiwa ya soko la watumwa. Kazi ile ya vioo, dawa na hema la giza ilimshinda kwa joto, akarudi kwenye penseli na rangi. Baadaye wakaja mafundi wenye asili ya Goa, A. C. Gomes na Coutinho, wakafungua studio na kuuza postikadi. Baada ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 kulibomoa kasri la Sultani pale ufukweni, mnara wa taa uliosimama mbele ya Beit el Ajaib ulionekana katika picha umetobolewa matundu. Mwaka 1930 Ranchhod Oza, aliyekuwa amefanya kazi kwa Gomes, akafungua Capital Art Studio, akawa pia mpiga picha wa Sultani.

Tuwashukuru mafundi wale. Lakini ukizitandika picha zao mezani utaona kwamba wengi wao walisimama nje ya nyumba. Tunayo milango, minara, majahazi, gwaride, na mabwana wakubwa vitini. Mpishi jikoni hayumo. Wala hawamo watoto wanaocheza nage uchochoroni. Kamera nzito yenye miguu mitatu haikuweza kumfuata mtoto, na aliyeimiliki hakuwa na sababu ya kumfuata.

Aliyeibadilisha hali hii ni mfanyabiashara wa Marekani, George Eastman. Mwaka 1900 kampuni yake ya Kodak ilitoa Brownie, boksi la kadibodi lenye kioo kimoja, kwa bei ya dola 1. Mkanda wake wa picha sita uliuzwa senti 15. Fanya hesabu, ndugu msomaji, kama nilivyokuwa nikiwafanyisha wanafunzi wangu: ukipiga mikanda saba umeshailipia kamera nyingine, na hapo hujalipa bado gharama ya kusafisha picha. Eastman aliijua hesabu hiyo vizuri. Mwaka ule ule wa 1930 ambao Oza alifungua studio yake, Kodak iliadhimisha miaka 50 kwa kugawa bure kamera karibu nusu milioni kwa watoto wa Marekani waliokuwa wakitimiza umri wa miaka 12. Sina shaka watoto walifurahi. Lakini mkanda wa pili hakupewa mtu bure.

Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kwanza analopaswa kulitazama mtu mwenye fedha kidogo. Kamera ni sehemu tu ya zawadi. Ukiimaliza fedha yote katika chombo, umempa mtoto deni.

Sisi walimu vijana wa miaka ya 1970 tuliyaonja haya. Mwenzetu mmoja aliyekuwa amesoma Urusi alirudi na Smena 8M, kamera nyepesi iliyokuwa ikitengenezwa Leningrad kuanzia 1970. Ilikuwa kamera ya mwanagenzi kwelikweli. Badala ya nambari za kutia kizunguzungu ilichorwa alama za jua na mawingu; umbali ulikisia mwenyewe kwa macho. Hapa kwetu alama ya jua pekee ilitutosha karibu mwaka mzima. Tabu ilikuwa mkanda. Fedha za kigeni zilipoadimika, mikanda nayo iliadimika madukani, hata mmoja wa picha 36 ukaweza kuanza kwa Idi ya Mfunguo Mosi na kumalizikia kwenye Maulidi ya Mfunguo Sita. Mtu alihesabu picha kama anavyohesabu mafuta ya taa. Tulipiga mara moja tu, na aliyefumba macho alibaki amefumba macho mpaka leo.

Biashara ilipofunguliwa Zanzibar katikati ya miaka ya 1980, zikaja kutoka Dubai kamera za plastiki zenye fleshi ndogo. Mafundi walizicheka. Mimi sikuzicheka, na sababu ninayo katika albamu. Katika miaka ya 2000, Beit el Ajaib ilipokuwa makumbusho, niliwapeleka huko wanafunzi wa darasa la saba. Mmoja wao, msichana, alikuja na kamera ya namna hiyo aliyopewa na mjomba wake. Picha yake moja imekwenda upande, na pembeni kuna kidole. Lakini ndani yake wapo wenzake 11 wamekaa kwenye ngazi za ndani, mmoja amevua kiatu, na nyuma yao linaonekana jengo kama tulivyolijua. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya jumba hilo, alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na mafundi wawili waliokuwa kazini wakafa. Postikadi za Beit el Ajaib ikitazamwa kutoka baharini ziko mamia. Ya watoto wetu ndani yake ninayo hiyo moja.

Sasa mikanda imetoka mikononi mwa wengi. Steven Sasson, mhandisi wa Kodak hiyo hiyo, aliunda kamera isiyotumia filamu mwaka 1975, na mwaka 2012 kampuni yake ikaomba kinga ya mahakama kwa kufilisika. Mjukuu wangu ana simu inayopiga picha safi, nami sitamdanganya mtu: kwa wengi simu inatosha. Lakini simu ina mambo mengi. Mtu huitoa apige picha ya mvuvi, akakuta ujumbe, na mvuvi akaenda zake.

Dukani Darajani nilionyeshwa kamera mpya, zinang'aa, zimeandikwa kwenye boksi nambari kubwa za ubora. Nilishika moja nikaona kioo chake ni plastiki tupu, nikairudisha. Kijana mmoja wa mtaani alikuwa anauza kamera yake ndogo iliyotumika, ya kampuni yenye jina, yenye kidirisha cha kuchungulia. Kidirisha hicho si pambo. Jua la hapa huufuta kabisa mwanga wa kile kioo cha nyuma, ukawa unapiga kwa kubahatisha. Nikaielekeza lenzi kwenye mwanga wa dirisha nikaichunguza kwa ndani, maana adui wa kamera visiwani ni unyevu. Kuvu huota juu ya kioo kama utando wa buibui, na ikishaota haitoki kwa kitambaa. Hii ilikuwa safi. Nikauliza kama betri yake bado inapatikana, maana kamera isiyo na betri ni jiwe la kuzuilia karatasi.

Mtihani wa mwisho tuliufanyia Forodhani, alasiri, saa ambayo jua linaziangalia nyumba usoni. Asubuhi liko nyuma yake na kuta zote huwa nyeusi. Kila siku kwenye saa hizo vijana huchupa baharini kutoka ukutani. Kamera mbovu hukawia baada ya kubonyezwa, ukapata picha ya maji yaliyoruka na mtu hayumo. Nilimwambia kijana apige, akapiga mara nne. Mara mbili alimpata mchupaji angali hewani, miguu juu. Nikasema yatosha.

Tulikubaliana laki moja na themanini elfu. Elfu ishirini zikanunua kadi ya kuhifadhia picha na mkoba. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu nilivitoa kwenye maboksi ya viatu, bure. Iliyobaki laki moja nilikataa kuiongeza kwenye chombo, ijapokuwa wanangu walitaka kamera kubwa zaidi. Niliitia katika bahasha, nikaandika juu yake "kusafisha picha", kwani picha zilizobaki ndani ya mitambo nimeona zikipotea na mtambo wenyewe.

Nikaongeza daftari la skuli. Picha nyingi za zamani nilizoziona zina jina la aliyepiga, limechapwa vizuri chini pembeni, na aliyepigwa hana jina. Kila picha inayochapishwa itiwe nambari, na daftarini yaandikwe majina ya waliomo, mtaa na tarehe. Ukurasa wa kwanza ameshaujaza: nambari 1 ni bibi yake, yuko juu ya mbuzi, anakuna nazi.